Mwenye Kompyuta Aweze Kusema Kazi Ipi Itangulie

Ndani ya BOINC, programu ya kujitolea kompyuta yako kwa kazi za kisayansi, hakuna kitufe cha kusema "fanya hii kwanza". Utaziona kazi zote ulizopokea, kila moja na asilimia iliyofikia na tarehe inayotakiwa kurudi. Unaweza kuisitisha yoyote, na hata kuiua kabisa. Lakini kuichukua moja na kuipeleka mbele ya wenzake, hapana. Programu yenyewe ndiyo inayoamua ipi ianze, ipi isubiri na ipi ikatishwe njiani ili nyingine ipite. Watu wanaojitolea kompyuta zao wameliomba jambo hili kwa miaka mingi, na jibu wanalopewa halibadiliki sana: kiacheni kipangaji kifanye kazi yake. Mimi naona jibu hilo si sahihi. Naona pia kwamba programu imefunga mlango usiomdhuru mtu na kuuacha wazi ule unaowaumiza wengine.

Kwa asiyeijua, BOINC ilianza kutengenezwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya David Anderson. Humwezesha mtu yeyote kutoa nguvu ya kompyuta yake isiyotumika kwa ajili ya utafiti wa kisayansi. Imetokana na SETI@home, mradi ulioanza Mei 1999, ambao uliwapa watu vipande vya data kutoka darubini ya redio ya Arecibo wavichambue kutafuta dalili za viumbe wenye akili huko angani. SETI@home ya mwanzo haikuwa na la kupanga: mradi mmoja, kazi za aina moja, ukimaliza hii unaleta nyingine. BOINC ilipokuja ikaruhusu kompyuta moja kuhudumia miradi mingi kwa pamoja. Einstein@Home inasaka pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi) na mawimbi ya mvutano, Rosetta@home inakokotoa maumbo ya protini, Climateprediction.net inaendesha mifano ya tabianchi, na kila mradi una kazi zenye urefu wake, makataa yake na ulaji wake wa kumbukumbu ya kompyuta (RAM). Hapo ndipo kipangaji kilipohitajika.

Kipangaji hicho huangalia mambo mawili makubwa. La kwanza ni mgao. Kila mradi una namba, kwa kawaida 100, na namba hizo hupimwa moja kwa nyingine. Miradi miwili yenye 100 na 100 inastahili nusu kwa nusu. Ukiupandisha mmoja hadi 300, huo unastahili robo tatu. La pili ni makataa. Mara kwa mara programu hufanya jaribio la kufikirika: inachukulia kwamba kazi zote zilizopo zinaendeshwa kwa zamu kufuata mgao, inahesabu kila moja itaisha lini, na ikiona kuna inayoelekea kuchelewa, inaitoa kwenye zamu na kuitanguliza. Zikiwa kadhaa, yenye makataa ya karibu zaidi ndiyo inayopita kwanza. Hatari ikishaondoka, zamu inaendelea, na programu huhama kutoka kazi moja hadi nyingine kila dakika 60 kama hukugusa mipangilio.

Huo ni uhandisi mzuri, na mtu ambaye hataki kushughulika na lolote anahudumiwa vizuri nao. Anaweka programu, anachagua mradi, anaendelea na maisha yake. Wengi wako hivyo, na sitaki yeyote awaharibie.

Shida inaanza kwa yule anayeangalia. Tuseme una Einstein@Home kwa muda mrefu, kisha ukaongeza mradi wa pili wenye mgao sawa. Ulitarajia nusu kwa nusu. Badala yake unaona mradi mpya umeshika kompyuta nzima siku baada ya siku, na ule wa zamani umekaa kimya. Hakuna kilichoharibika. Tangu toleo la 7, kipangaji hukadiria kazi ambayo kila mradi umefanyiwa hivi karibuni, na uzito wa kazi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 10. Mradi mpya hauna historia yoyote, kwa hiyo unaonekana kama uliodhulumiwa, nao unalipwa mpaka ulingane na mwenzake. Hesabu hiyo pia huchanganya prosesa na kadi ya michoro kwenye kapu moja. Mradi unaotumia kadi ya michoro hujilimbikizia kiasi kikubwa haraka, halafu kazi zake za prosesa zinakosa nafasi kwa sababu mradi "umeshapata vya kutosha". Mwenye kompyuta aliyeandika nusu kwa nusu haoni popote kwenye skrini kwamba nusu aliyoahidiwa ni ya wastani wa muda mrefu, na ya vifaa vyote kwa jumla.

Basi anaanza kuingilia kwa njia alizopewa, na njia alizopewa ni butu. Tuseme ana kazi ya tabianchi iliyofika asilimia 97 baada ya wiki kadhaa za hesabu, na kesho kompyuta inazimwa ili ibadilishwe diski. Anataka imalizike usiku huu. Makataa yake yako mbali sana, kwa sababu Climateprediction.net imezoea kutoa muda mrefu, kwa hiyo kipangaji hakioni haraka yoyote. Kinaipa zamu yake kama kawaida na kuiweka kando ili kazi fupi zipite. Afanye nini? Anazisitisha zile nyingine zote, moja baada ya moja, mpaka ibaki hiyo peke yake. Amefanikiwa, kwa kuipiga chenga programu. Lakini akifungua kumbukumbu ya matukio anakuta ujumbe kwamba kazi mpya haziombwi kutoka mradi fulani kwa sababu kuna kazi iliyosimamishwa kwa mkono. Kadiri inavyobaki hata moja iliyositishwa, mradi huo hauombwi kazi nyingine. Akisahau kuziachia, viini vingine vya prosesa vinakaa bure usiku kucha, na zile zilizolala zinazidi kusogelea makataa yake. Alitaka jambo moja dogo, programu ikamlazimisha kufanya makubwa matatu.

Mwenye kompyuta anayajua mambo ambayo kipangaji hakiwezi kuyajua. BOINC huweka wastani wa muda ambao mashine huwa imewashwa, na muda ambao inaruhusiwa kufanya kazi, kisha hutumia wastani huo kutabiri. Wastani hauna habari kwamba Ijumaa unasafiri. Haujui kwamba mashine inaenda kwa fundi, kwamba chumba hupata joto kali mchana, kwamba kazi hii imeshakwama mara mbili kabla ya kufika mahali pa kuhifadhi hatua na sasa inahitaji saa chache mfululizo bila kukatizwa. Ni maarifa ya mtu aliyekaa mbele ya mashine yake. Kumnyima njia ya kuyatumia ni kuitupa taarifa bora kuliko zote zilizopo.

Hata makadirio ya muda, ambayo jaribio zima la kufikirika limesimama juu yake, mara nyingi huwa mabaya mwanzoni. Mradi ukitoa toleo jipya la programu yake ya kukokotoa, seva bado haijajua mashine yako inaiendesha kwa kasi gani, na kazi iliyoandikwa dakika 40 inaweza kuchukua nusu siku. Kipangaji kikishituka kuwa kazi ni ndefu kuliko kilivyodhani, kinaingia kwenye hali ya dharura na kuanza kukatisha vitu. Mwenye kuangalia alikuwa ameshaona tangu asilimia ya tano kwamba makadirio yale hayana ukweli.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja, na hoja yao inastahili kusikilizwa kwa makini. Kazi za BOINC si mali ya mashine moja. Kwa kuwa mradi hauwezi kuiamini kompyuta ya mtu usiyemjua, miradi mingi hutuma kazi ileile kwa watu wawili au zaidi na kulinganisha majibu. Kipande chako hakina thamani mpaka cha mwenzako kirudi, na chake vilevile kinakusubiri wewe. Mwaka 2010 Einstein@Home ilitangaza pulsa yake ya kwanza ya redio, PSR J2007+2722, iliyoonekana ndani ya data za Arecibo. Iligunduliwa katika majibu ya kompyuta mbili, moja ya wanandoa wa Iowa nchini Marekani na nyingine ya Mainz, Ujerumani. Mashine mbili zilizotengana kwa bahari ndizo zilizothibitishana. Ukichelewesha kazi yako kwa kuchezea foleni, mtu wa upande wa pili anakaa na jibu lisilothibitishwa, seva inabaki imebeba kipande hicho kwenye hifadhidata yake, na makataa yakipita inalazimika kutengeneza nakala nyingine na kumtumia mtu wa tatu. Umeme wa mtu huyo nao unakwenda.

Nakubaliana na kila neno la hoja hiyo. Lakini tazama inakataza nini hasa. Inakataza kuchelewa. Haikatazi kubadili mpangilio ndani ya makataa. Kama nina kazi kumi na zote zitarudi kabla ya tarehe zake, mradi haupotezi chochote nikianza na ya saba. Seva haijui wala haihitaji kujua. Mwenzangu wa upande wa pili anaweza hata kufaidika, maana ya saba huenda ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

Kinachomdhuru ni akiba, na akiba programu imeiacha wazi. Kwenye mipangilio kuna sehemu mbili: weka angalau kazi za siku kadhaa, na ongeza nyingine za siku kadhaa juu yake. Bila kuguswa, sehemu hizo ni sehemu ya kumi ya siku na nusu siku, kiasi cha busara kabisa. Lakini yeyote anaweza kuzipandisha hadi siku 10 kila moja, bila onyo na bila kuulizwa kama intaneti yake kweli hupotea kwa muda wote huo. Kazi iliyolala kwenye diski yako siku tisa kabla ya kuguswa ni kazi iliyonyimwa mashine nyingine ambayo ingeimaliza jana. Mradi ukiwa na kazi chache, wachache wenye akiba kubwa wanazichota zote na wengine wanabaki na ujumbe kwamba hakuna kazi. Kuna wanaofanya hivyo makusudi kwa ajili ya alama ambazo miradi huwapa watu kwa kazi waliyoifanya: wanalimbikiza, wanakokotoa, wanazuia majibu yasiondoke, kisha wanayamwaga kwa pamoja mashindano ya timu yakianza. Baadhi ya miradi imelazimika kuweka kikomo upande wa seva.

Zaidi ya hapo, akiba kubwa ndiyo inayovuruga mpangilio wenyewe. Sehemu ile ya kwanza ya akiba huingia pia kwenye hesabu ya makataa, kwa sababu programu huichukulia kama muda ambao mashine inaweza kukaa bila intaneti. Ukiandika siku 10, unaiambia programu ijitahidi kumaliza kila kitu siku 10 kabla ya tarehe. Kazi yenye makataa ya wiki mbili ghafla ina siku nne. Dharura zinaanza, kazi zinakatishwa, mgao unapuuzwa, na mwenye kompyuta anashangaa kwa nini mashine yake imekosa utulivu. Anadai kitufe cha kupanga, kumbe nusu ya taabu yake ameileta kwa namba aliyoiandika mwenyewe akidhani anajihakikishia kazi.

Folding@home, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000 na isiyotumia BOINC, ililitazama jambo hili kwa jicho jingine kwa sababu sayansi yake inalazimisha. Inaiga mwendo wa protini hatua kwa hatua, na kipande kinachofuata huanzia pale cha kwanza kilipoishia. Kipande kikikwama kwa mtu mmoja, mnyororo ule wote umesimama. Kwa hiyo hakuna akiba ya siku. Unapewa kazi, unaifanya, na nyingine inaletwa ile inapokaribia kuisha. Hata alama zimetengenezwa kumzawadia anayerudisha mapema. Mtumiaji hana orodha ndefu ya kupanga, na ndiyo maana malalamiko ya kupanga hayasikiki sana huko. Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipowavuta watu wengi kwa mkupuo, mtandao huo ulivuka kasi ya mahesabu bilioni bilioni kwa sekunde, na seva zikashindwa kuwatengenezea wote kazi za kutosha. Watu walikaa wakisubiri. Hebu fikiria kama kila mmoja angeruhusiwa siku hiyo kuchukua kazi za siku ishirini.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kubadilishana. Akiba ibanwe: atakaye zaidi ya siku mbili tatu aulizwe sababu, na aoneshwe pale pale kwamba kazi zitakazolala kwake zitachelewesha wengine. Upande wa pili, mpangilio uachiwe. Kiwepo kitufe cha kutanguliza kazi moja, kifanye kazi kwa kazi hiyo tu, na ikiisha mambo yarudi kwa kipangaji.

Wapo watakaosema kitufe hicho kitatumiwa kuchagua kazi zenye alama nyingi na kuziacha nyingine. Uchaguzi huo upo leo. Kitufe cha kuua kazi kiko wazi kwa kila mtu, na anayetaka kuchambua anaua asizozipenda, jambo linaloilazimisha seva kutuma nakala mpya. Sioni kwa nini mtu aaminiwe kuua kazi na asiaminiwe kuitanguliza. Kama hofu ni makataa, zana ya kuilinda imeshaandikwa. Jaribio lile la kufikirika linaweza kuendeshwa kwa mpangilio anaoutaka mtumiaji kabla haujakubaliwa, na kumwambia kwa lugha ya kawaida: ukiitanguliza hii, zile mbili za Rosetta@home zitapitwa na makataa kwa saa sita. Akiona hivyo, wengi wataghairi. Atakayeendelea ameendelea akijua.

Hilo la kuambiwa naliona zito kuliko kitufe chenyewe. Matoleo ya zamani yalikuwa yakiandika kando ya kazi iliyotangulizwa kwa sababu ya makataa kwamba inaendeshwa kwa kipaumbele cha juu. Yalikuwa maneno machache, lakini mtu alielewa kwa nini zamu imevunjwa. Leo anayetaka sababu lazima awashe vipengele vya uchunguzi kwenye kumbukumbu ya matukio, na akiviwasha anamwagiwa mamia ya mistari iliyoandikwa kwa ajili ya watengenezaji programu. Kila kazi inayosubiri ingestahili sentensi moja: inasubiri kwa sababu mradi wake umepita mgao, inasubiri kwa sababu kumbukumbu haitoshi, imetangulia kwa sababu makataa ni kesho. Programu inayajua yote hayo wakati inapoamua. Inakaa nayo tu.

Katika mambo ya mipaka, BOINC imefanya vizuri na sina la kuongeza sana. Unaweza kuchagua saa na siku, idadi ya viini, kiasi cha kumbukumbu, kusimama mtu akigusa kibodi, kusimama programu nyingine zikihitaji prosesa. Kwenye simu inangoja chaji na kuangalia joto la betri. Kuna hata faili la app_config, ambamo anayejua anaweza kuzuia mradi usiendeshe zaidi ya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ingawa kumlazimisha mtu aandike faili la XML kwa mkono ili kupata jambo la kawaida hivyo ni kumfukuza kistaarabu.

Kuna mwelekeo mwingine unaokwenda kinyume kabisa na ninachoomba, nao umetoka kwa Anderson mwenyewe. Science United, huduma aliyoianzisha, humwondolea mtu kazi ya kuchagua miradi. Unataja nyanja za sayansi unazozijali, na mfumo unakuamulia kompyuta yako ihudumie nani. Naielewa nia yake: anayejiunga leo hajui tofauti ya mradi huu na ule, na miradi midogo yenye sayansi nzuri hukosa watu kwa sababu haina jina. Kwa mgeni ni njia nzuri ya kuingilia. Ila kadiri uamuzi unavyohamia mbali na mashine, ndivyo haja ya maelezo inavyokua. Kama mtu wa mbali ndiye anayechagua mradi, na kipangaji ndicho kinachochagua kazi, aliyelipia umeme na kuchakaza kifaa chake amebaki na swichi ya kuwasha na kuzima, na hajui hata swichi hiyo inamkatiza nani.

Msimbo wa BOINC uko wazi kwa leseni ya LGPL, inayomruhusu yeyote kuubadilisha, kwa hiyo haya si ya kumsubiri mtu mmoja akubali. Jaribio la makataa liko ndani ya programu ya upande wa mtumiaji, seva hazihitaji kuguswa hata kidogo, na kitufe kinaweza kuwekwa kwenye mwonekano wa wazoefu ambao tayari umetenganishwa na ule wa kawaida. Wakati hilo halijafika, kwa yeyote aliyechoka kupigana na foleni yake, shusha ile sehemu ya kwanza ya akiba mpaka sehemu ya kumi ya siku na ya pili iwe nusu siku au chini, na kama intaneti yako ni ya kukatika, pandisha kwa kiasi cha katizo lenyewe tu. Ukitaka kuitanguliza kazi moja, isitishe ile inayoshindana nayo kwa wakati huo peke yake, na uiachie mara tu ya kwanza inapoisha. Orodha yako ikiwa na kazi tatu badala ya sitini, kipangaji hakina dharura nyingi za kubuni, na wewe unaweza kuona kwa macho ipi inamsubirisha nani.